Kwanini ukuta unakurudishia sauti yako lakini haukurudishii sura yako

Mwaka juzi kanisa letu lilihama kutoka kwenye turubai tukaingia kwenye jengo. Mimi ndo fundi mitambo pale, nakaa nyuma kwenye mikseri kila Jumapili, na siku ya kwanza nilivyoingia nikakuta sakafu imepigwa marumaru inang'aa mpaka unaziona taa za juu ndani yake, dari ya jipsamu, madirisha makubwa ya aluminiamu, kuta zimepigwa skimu safi kabisa. Ibada ikaanza. Mchungaji akashika maiki akasema Bwana Yesu asifiwe, na ile "asifiwe" ikabaki inaelea kule juu kama vile kuna mtu mwingine anairudia nyuma yake, na kabla haijaisha neno linalofuata likawa limeshaingia, yakagongana. Wamama waliokaa nyuma wakawa wananipa ishara nipandishe sauti. Nikapandisha, ikawa mbaya zaidi. Kwenye turubai, kwa spika zile zile na mikseri ile ile, kila mtu alikuwa anasikia.

Kikao cha wazee kikaamua spika zimechoka, zikanunuliwa mpya kwa michango, na shida ikabaki vile vile. Iliniuma sana, maana hela ile ilitoka kwa watu wanaouza mbogamboga na vitumbua. Nikakaa chini nikaanza kuisoma hii kitu kutoka mwanzo, na nikakuta huwezi kuelewa sauti inavyorudi ukutani bila kuelewa mwanga unavyorudi kwenye kioo, sheria ni moja. Na swali lililonifungulia mlango ni hili: ukuta ule ulikuwa unairudisha sauti ya mchungaji karibia yote, kama kioo kabisa, sasa mbona hauoneshi sura yake?

Tuanze na kitu rahisi. Chukua mpira urushe kwa mshazari kwenye sakafu ya saruji, unadunda na kwenda mbele kwa mshazari ule ule uliokuja nao. Mwanga kwenye kioo unafanya hivyo hivyo na sauti ukutani pia, pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka, na Wagiriki wa kale kina Euclid walishaliandika hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Kila aliyewahi kuokota kipande cha kioo akammulika mwenzake jua machoni anaijua sheria hii hata kama hajawahi kuisoma, mkono wenyewe unajua ugeuze kiasi gani.

Alafu chukua gololi, irushe kwenye changarawe. Hujui itakwenda wapi. Sheria haijavunjika hapo, kwenye kila kokoto gololi imefuata pembe ile ile, ila kokoto zenyewe kila moja imelala upande wake kwa hiyo gololi kumi zinatawanyika njia kumi. Ila chukua mpira mkubwa wa kama mita moja, ule wa mazoezi, urushe kwenye changarawe ile ile, utadunda vizuri tu kama uko sakafuni, maana kwa ukubwa wake zile kokoto si chochote.

Hapo ndo jambo lote lilipo. Hakuna uso ulio laini wenyewe kwa wenyewe, ulaini unategemea ni nani anakuja kuugonga na ana ukubwa gani.

Mwanga na sauti vyote vinasafiri kama mawimbi, na wimbi lina urefu wake, kutoka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa linalofuata. Mwanga tunaouona urefu wake ni kati ya nanomita 400 na 700, na nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Chukua mwanga wa kijani, kama nanomita 500: kwenye milimita moja ya rula yanaingia mawimbi 2000. Sauti nayo hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sauti inayotetemeka mara 1000 kwa sekunde wimbi lake lina sentimita 34, na besi ya mitetemo 100 wimbi lake lina zaidi ya mita 3, yaani linajaza chumba cha kupanga kutoka ukuta hadi ukuta.

Sasa rudi kwenye ukuta wa plasta. Chembe ya mchanga iliyotokeza pale ina kama nusu milimita. Kwa wimbi la sauti la sentimita 34 hiyo ni kitu kisichokuwepo, ukuta ni bapa kabisa, ni kioo. Kwa mwanga, chembe ile ile ina urefu wa mawimbi 1000. Kama wimbi la mwanga lingekuwa hatua moja ya mtu, hatua ya mita moja, ile chembe ingekuwa mlima wa mita 1000 na ukuta mzima ungekuwa milima ya Uluguru na mabonde yake mpaka macho yanapoishia. Mwanga ukifika pale unatawanyika kama gololi.

Na hapa kuna kitu kilinishangaza sana. Mimi nilikuwa najua ukuta unaumeza mwanga ndo maana sijioni, kumbe hapana. Rangi nyeupe safi inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga au zaidi, na kioo cha kawaida cha nyumbani kama asilimia 90, hawapishani sana. Mwanga uliotoka puani kwako unafika ukutani na unarudi, ila umetawanywa kila upande ukachanganyika na uliotoka shavuni na kwenye shati na dirishani, kwa hiyo jicho linapokea jumla ya vyote, ambayo ni weupe tu. Sura yako iko pale ukutani, imevurugwa. Na mtawanyiko huu ndo unafanya tuuone ukuta wenyewe tukiwa tumesimama popote chumbani, maana kila nukta yake inatuma mwanga kila upande. Kioo kikiwa safi hukioni chenyewe, unaona vitu vilivyomo.

Jaribu hiki: nenda kwenye meza ya mbao iliyopigwa vanishi ya kawaida, weka jicho chini kabisa usawa wa meza, angalia upande wa pili palipo na dirisha. Meza inageuka kioo. Mwanga unapokuja kwa kulala sana vile vimilima vinakuwa havina nguvu tena, ndo maana lami kavu kwa mbali jua linapozama inang'aa hivi.

Kwa hiyo kutengeneza kioo kunahitaji vitu viwili, uso ulio laini kuliko wimbi la mwanga, na kitu cha kuurudisha huo mwanga. Glasi inatoa ulaini, ila yenyewe inarudisha kidogo sana, kama asilimia 4 kwa kila uso, nyingine inapita. Kazi ya kurudisha inafanywa na utando mwembamba wa fedha au aluminiamu uliopakwa nyuma. Metali ina elektroni zinazotembea huru, wimbi la mwanga likifika zinatikisika nalo na kulitupa nyuma karibia lote. Zamani mafundi wa Murano kule Venice walitumia bati na zebaki, zebaki hii hii wachimbaji wadogo wa Geita wanaikamatia dhahabu, na iliwaumiza wale mafundi kama inavyowaumiza hawa wa kwetu. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig akapata namna ya kuipaka fedha kwenye glasi kwa maji ya dawa, na kutoka hapo kioo kikaanza kushuka bei mpaka kikamfikia mtu wa kawaida.

Kinyozi mwenye vioo viwili vinavyotazamana anakuonesha jambo jingine. Angalia zile picha zako zinavyoingia ndani moja baada ya nyingine, kadri zinavyokwenda mbali zinakuwa na giza na zinaelekea ukijani. Giza ni kwa sababu kila mdundo unapoteza kama sehemu moja ya kumi, na ukijani ni kwa sababu glasi ya kawaida ina chuma kidogo ndani yake na rangi nyingine zinapotea haraka kuliko kijani.

Lile swali la kwanini kioo kinageuza kushoto na kulia lakini hakigeuzi juu na chini nipite haraka. Kioo hakigeuzi kushoto wala kulia. Ukiinua mkono ulio upande wa dirisha, wa kwenye kioo unainuka upande wa dirisha vile vile, kichwa kiko juu, miguu iko chini. Kilichogeuzwa ni mbele na nyuma: wewe unaangalia kaskazini, yule anaangalia kusini. Sisi ndo tunajiweka kwenye nafasi yake kana kwamba ni mtu aliyezunguka akatutazama, na mtu akizunguka mkono wake wa kulia unahamia upande wa pili, ndo maana tunaona kama kimekosea.

Nirudi barabarani maana huku ndo jambo hili linaua watu. Usiku mkavu, taa za gari lako zinapiga lami, lami ina vikokoto, inatawanya mwanga kila upande na sehemu yake inakurudia wewe dereva, unaiona barabara. Mvua ikinyesha maji yanajaza yale mashimo madogo na kutandaza uso laini juu yake, lami inageuka kioo. Mwanga wako badala ya kukurudia unateleza kwenda mbele na kuondoka, barabara yako inakuwa nyeusi tii kama umezima taa, na gari linalokuja mbele yako taa zake zinateleza vile vile na kukuingia machoni mara mbili, moja kwa moja na kupitia kwenye maji. Anayeendesha Chalinze usiku wa mvua anajua, mistari ya barabara inapotea kabisa. Kuwasha ful hakusaidii hapo, unautupa mwanga mwingi zaidi mbele kule ukamchome mwenzako.

Na kwenye basi la usiku, abiria anayewasha taa ya ndani karibu na dereva anamfanyia kitu kibaya bila kujua. Kioo cha mbele kina zile asilimia zake chache za kurudisha, na huwa zipo muda wote, mchana huzioni kwa sababu mwanga wa nje unazizidi. Usiku nje hakuna mwanga, kwa hiyo kile kidogo cha ndani ndo kinatawala na dereva anaanza kuona siti na nyuso za watu juu ya barabara. Glasi ile ile, sheria ile ile, kilichobadilika ni upande gani una mwanga zaidi.

Ila kuna uso mmoja umeokoa watu wengi na ni lile jaketi la rifleta la bodaboda. Lile halifuati kawaida ya kioo wala kawaida ya ukuta, lenyewe linarudisha mwanga kule kule ulikotoka hata ukija kwa pembe gani. Ndani ya zile stripu kuna vishanga vidogo sana vya glasi, au vioo vidogo vitatu vitatu vilivyokutana kwenye kona kama kona ya chumba, ukuta ukuta na sakafu, na ukirusha kitu kwenye kona ya namna hiyo kinadunda mara tatu na kurudi sambamba na njia kiliyojia. Dereva macho yake yako karibu na taa zake kwa hiyo mwanga wote unamrudia yeye, na wewe uliyesimama pembeni unaona jaketi la kawaida tu halina maajabu. Macho ya paka na ng'ombe na fisi kwenye taa za gari yanawaka kwa namna inayofanana na hiyo, wana utando unaorudisha mwanga nyuma ya jicho, binadamu hatuna. Mwingereza Percy Shaw alichukua hati ya vile vijicho vya katikati ya barabara miaka ya 1930 na kwa Kiingereza vinaitwa macho ya paka mpaka leo. Na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 waliacha mwezini kibao chenye vikona 100 vya namna hii. Watu wa huku chini wanarusha leza, inakwenda na kurudi kwa kama sekunde mbili na nusu, na kwa kupima hivyo tunajua mwezi unatukimbia kwa kama sentimita 3.8 kila mwaka. Mwezi wenyewe bila kibao ni uso wa hovyo wa kuakisi, unarudisha kama asilimia 12 tu ya mwanga wa jua, karibia na lami iliyochakaa, mbalamwezi yote ile tunayoipenda ni hiyo.

Ukishaelewa habari ya ukubwa wa wimbi vitu vingi vinafunguka vyenyewe. Yale madishi makubwa ya zamani yalikuwa wavu mtupu, upepo unapita na ndege unawaona upande wa pili, na yanakamata vizuri tu. Wimbi lake lilikuwa na sentimita kama 7, tundu la milimita chache kwake ni ukuta. Mlango wa maikrowevu una kile kiwavu cheusi kwa sababu hiyo hiyo: wimbi la ndani lina sentimita 12 haliwezi kupita, mwanga wenye wimbi dogo sana unapita na unaona chakula chako kinavyozunguka. Popo anapiga sauti za juu kuliko sikio letu linavyoweza kusikia, wengine zinafika mitetemo 100,000 kwa sekunde, wimbi lake ni kama milimita 3 na nusu, ndo maana linadunda kwenye nondo na mbu. Angetumia besi yenye wimbi la mita 3 lingempita mbu kama bahari inavyopita jiti.

Na mashine ya ultrasaundi kliniki ni popo huyo huyo. Inapiga mitetemo milioni kadhaa, wimbi linakuwa chini ya nusu milimita ndani ya mwili, ndo maana inaweza kutofautisha vidole vya mtoto. Wamama wengi wanauliza ile jeli ya baridi ya nini, na jibu lake ni zuri sana. Sauti inarudi pale inapohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine chenye uzito na ugumu tofauti, na tofauti ikiwa kubwa inarudi nyingi. Kati ya hewa na mwili tofauti ni kubwa mno, zaidi ya asilimia 99 ya sauti inadunda pale pale kwenye ngozi na hakuna kinachoingia. Jeli inaondoa ile hewa. Ndo hivyo hivyo ukizama baharini pale Coco makelele yote ya ufukweni yanakatika ghafla, uso wa maji umeyarudisha juu.

Sasa uso ukiupinda unaanza kuutawala mwanga na sauti. Ukiubinua kwa nje kama saitimira, unatawanya, unaona eneo kubwa ila vitu vinakuwa vidogo na unadhani viko mbali, na bodaboda wengi wamegongwa na gari walilodhani bado liko mbali. Ukiubonyeza kwa ndani unakusanya. Mwaka 2013 London kulikuwa na jengo refu linajengwa mtaa wa Fenchurch, upande wa kusini limebonyea kwa ndani na limejaa vioo, likakusanya jua kwenye mtaa wa chini mpaka likayeyusha sehemu za gari lililopakiwa pale. Hakuna kitu cha ajabu kilichotokea, ni dishi la jua tu ambalo hakuna aliyekusudia kulijenga.

Dishi la sauti nalo lilishajengwa, na kwa kukusudia. Ukienda pwani ya Kent Uingereza, sehemu inaitwa Denge, kuna madude matatu ya zege yamesimama peke yake kwenye kokoto, mawili ni kama bakuli, la mita 6 na la mita 9, na la tatu ni ukuta uliopinda wenye urefu wa kama mita 60. Yalijengwa kati ya mwaka 1928 na 1930 kusikiliza ndege za adui zikija kutoka ng'ambo ya bahari. Zege ile ni mbaya ukiiangalia, imekwaruzika, huwezi hata kuona sura yako, lakini kwa mvumo wa injini ya ndege wenye wimbi la mita nzima na zaidi ni kioo safi, unakusanywa mbele ya bakuli na msikilizaji anaupata pale. Malta walijenga mmoja wenyeji wanauita sikio. Kazi yake ilikufa haraka, ndege zilianza kwenda kasi mpaka ukishazisikia zimeshafika, na mwaka 1935 Waingereza wakajaribu kurudisha mawimbi ya redio kutoka kwenye ndege yenyewe, ikawa rada. Yaani ndege ndo ikageuka kuwa kioo.

Huku kwetu pwani yapo mambo haya ya zamani zaidi. Mihrabu ya msikiti kazi yake ni kuonesha kibla, lakini inafanya na kazi nyingine kimya kimya. Imamu anasali amewapa mgongo maamuma, sauti yake inaelekea mbele, na bila kitu mbele yake ingekwenda huko huko. Lile shubaka lililobonyea la mawe na chokaa linaikusanya na kuirudisha nyuma kwa watu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani kule Unguja una maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, hakukuwa na maiki wala umeme.

Ila mihrabu ni uso mmoja mbele ya msemaji, karibu naye, sauti inarudi baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde na sikio linaiunganisha na ile ya kwanza, inakuwa nguvu. Uso ukiwa mbali ndo inakuwa vurugu. Ukuta ulio mita 17 unakurudishia sauti baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hapo sikio linatenganisha, unasikia mwangwi. Na kwenye jengo kama letu haikuwa mwangwi mmoja, sauti inagonga ukuta wa nyuma inakwenda dari inakwenda marumaru inakwenda kioo, maelfu ya njia, zote zinafika kwa kuchelewa tofauti tofauti, silabi moja inageuka mvumo mrefu na silabi inayofuata inazama ndani yake.

Aliyeifungua kesi hii ni Mmarekani Wallace Sabine. Mwaka 1895 Chuo cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao neno likisemwa linabaki kusikika kwa sekunde 5 na nusu, wanafunzi hawaelewi kitu, wakampa yeye kijana mwalimu wa fizikia aushughulikie. Akawa anakwenda usiku chuo kikiwa kimya, na wasaidizi wake wanabeba mito ya viti kutoka kwenye ukumbi mwingine wa jirani, wanaipanga, anapiga filimbi ya kinanda, anahesabu kwa saa muda sauti inaochukua kufa, wanaongeza mito, anapima tena, alafu kabla ya asubuhi mito yote irudi kwao. Mausiku kwa mausiku. Akapata kanuni ambayo mpaka leo ndo inatumika: muda wa sauti kufa ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, gawanya kwa eneo linalomeza sauti. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa 1900 ulijengwa kwa hesabu hizo na bado unasifiwa.

Nikachukua tepu nikapima kanisa letu. Mita 20 kwa 12, dari mita 5, ujazo 1200. Kuta, dari na sakafu jumla mita za mraba 800, na vitu vigumu namna ile vinameza kama asilimia 3 tu, kwa hiyo eneo linalomeza ni 24. Ukipiga ile hesabu inatoka sekunde 8. Mtu mmoja na nguo zake anameza kama mita ya mraba 0.4, kwa hiyo watu 30 wa mazoezi ya kwaya wanashusha mpaka kama 5.4, na Jumapili watu 150 wanashusha mpaka kama 2.3. Mahubiri yanataka kama 1. Kwenye kanuni hiyo ukubwa wa spika haumo kabisa. Nilivyokuwa napandisha sauti nilikuwa napandisha neno na mvumo wake pamoja, kwa kiasi kile kile, ni kama kuongeza taa kwenye lami yenye maji. Na turubai lilikuwa halina kuta, sauti ilikuwa inaondoka zake na hairudi tena.

Nikaenda kwa wazee na ile karatasi ya hesabu nikawaeleza kila mstari. Vijana wengine walishaleta treyi za mayai wanasema studio zote zinatumia, na hapa naomba tusikilizane vizuri maana watu wanapoteza hela na wanatengeneza kitu kinachoshika moto haraka. Treyi ni karatasi nyembamba iliyokauka, inapunguza kidogo vile vikali vya juu na besi haiigusi, na sauti ya kwenda kwa jirani haizuii hata kidogo. Kipimo changu ni rahisi: weka mdomo kwenye kitu upulize, hewa ikipita lakini kwa shida, hicho kinameza sauti, maana hewa inayotikisika inasuguana na nyuzi zake na nguvu inageuka joto. Hewa isipopita kabisa inadunda, ikipita bure hakuna kilichofanyika.

Na unene ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukutani kabisa hewa haisogei, ukuta umeizuia, inasogea zaidi umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa trebo, zile sauti kali za juu, hiyo ni sentimita chache, kwa besi ya mitetemo 100 ni sentimita 85. Pazia jepesi lililolala juu ya ukuta linakula trebo peke yake na kukuachia besi inavuma. Kwa hiyo mama wa idara ya wanawake wakatoa mablanketi mazito, fundi seremala akatengeneza fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, tukajaza, tukafunika kwa kitambaa, tukaning'iniza ukuta wa nyuma kwanza kwa kuacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, kwa sababu ule wa nyuma ndo spika zinautazama na ndo unamrudishia mchungaji maneno yake usoni. Alafu kapeti madhabahuni, mapazia mazito madirishani, na spika nikaziinamisha ziangalie watu waliokaa badala ya kuangalia ukuta, maana mtu anameza na ukuta unarudisha.

Sasa hivi naendesha mikseri kwa sauti ndogo kuliko siku ile ya kwanza na wale wamama wa nyuma wanaandika mahubiri. Kilichobaki ni besi gita, siku za mazoezi watu wakiwa wachache bado inavuma kwenye kona mbili za mbele, na fundi seremala ameshachukua vipimo.